Stesheni Juu ya Zizi

Jumapili ile nilikwenda Kisesa nikiwa na ramani kwapani na habari njema mdomoni: nyumba ya baba imepona. Kwa miezi saba nilikuwa nikila chakula cha wazazi wangu kila mwisho wa juma huku nikijua jambo wasilolijua, na siku hiyo nilitaka kulitua.

Kazi yangu ni kupima gharama. Kampuni yetu ni ndogo, ofisi iko Kirumba ghorofa ya pili, na dirisha likifunguliwa harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inaingia mpaka kwenye mafaili. Tulipewa kazi ya kulinganisha njia tatu za reli mpya ya abiria, kutoka Mwanza mpaka Musoma. Kwenye ramani tulizipaka rangi. Ya bluu inafuata ufukwe wa ziwa. Ni nzuri kwa kupiga picha, lakini ni miamba na madaraja mwanzo mwisho, na bei yake ilimfanya bosi wetu, Obedi, acheke peke yake. Nyekundu inafuata barabara kuu, inapita Kisesa na Magu, na inavunja nyumba elfu moja na ushee. Kijani inaingia ndani, kwenye mbuga za malisho ambako hakuna nyumba wala mti wa maana. Bluu tuliitupa mapema. Zikabaki nyekundu na kijani, na kijani ilikuwa nafuu kwa bilioni kumi na moja tu, pesa ambayo kwenye mradi wa trilioni mbili ni kama chenji ya pipi.

Nyumba ya baba yangu, Mzee Mashimba, imekaa katikati kabisa ya mstari mwekundu. Nilimwambia Obedi siku ya kwanza kabisa. Alisema hakuna mtu ofisini asiye na mjomba chini ya mstari fulani, nifanye hesabu zangu na Danish azikague. Danish ndiye mhandisi wetu wa njia, mzaliwa wa Mwanza kama mimi, mtu ambaye akikuta nukta mahali pa mkato hapati usingizi. Alikagua kila safu. Kijani ilishinda kwa haki, na ninataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Nyumba yenyewe si kasri. Baba alikuwa mpima pamba, ameketi na mizani maisha yake yote, na mshahara wa mpima pamba haujengi haraka. Alianza na kibanda cha udongo mwaka themanini na tisa. Msingi wa tofali aliuchimba mwaka tisini na nne, lenta ikafungwa mimi nikiwa darasa la tano, bati likaja nikiwa sekondari, na vigae vya sebuleni vilipigwa juzijuzi tu kwa pesa yangu. Kila ukuta una mwaka wake, na baba anaitaja miaka hiyo kama watu wanavyotaja watoto wao.

Nilimkuta mama, Dorotea, anatoa sato kwenye mafuta. Tulikula kwanza, kwa sababu kwa baba hakuna habari inayozidi ugali wa moto. Sahani zilipoondolewa nikatandaza ramani mezani, nikaikandamiza kwa vikombe, nikawaeleza yote: njia tatu, bei zake, na kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata kamati inasaini kijani.

"Kwa hiyo hii nyumba haiguswi?" baba aliuliza.

"Haiguswi hata kibaraza."

Mama alikuwa anafuta meza. Akasimama. "Hata kule nyuma ya jiko?"

Nilicheka. Nyuma ya jiko kuna mlimao mmoja mzee na kipande cha ardhi ambacho mama hajawahi kukubali kipigwe sakafu, hata tulipotaka kuweka tangi la maji. Nikamwambia mlimao wake uko salama salimini. Alitikisa kichwa, akaendelea kufuta mahali ambapo palishakuwa pasafi.

Baba alivaa miwani akainamia ramani. Ilikuwa picha kubwa iliyopigwa kutoka angani, mistari ikiwa imechorwa juu yake. Aliufuata mstari wa kijani kwa kidole, polepole, kama anavyosoma barua. Kwenye kilomita ya themanini na mbili kidole kikasimama. Hapo palikuwa na mawe mawili makubwa, kijito kinachokauka kiangazi, na duara la kijani kibichi.

"Hapa mmeweka nini?"

"Stesheni, baba. Ya kati."

"Stesheni ni kubwa. Nauliza hapa." Kucha yake ilikuwa ndani ya duara.

Niliangalia mchoro. Nilijua jibu, maana vyumba vyote vya stesheni ile niliviwekea bei mimi, kimoja kimoja.

"Vyoo vya abiria," nilisema.

Baba alivua miwani. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Hapo yupo babu yako," alisema. "Kichwa kimeelekea kwenye lango la zizi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nilishika mkia wa ngozi ya dume aliyofungwa nayo."

Nilisikia mama akiweka kitambaa chini. Nilijua babu alikufa zamani, ningewezaje kutojua, lakini sikuwahi kujua amelala wapi. Mimi ni mtoto wa lami. Kwangu kaburi ni saruji, msalaba na jina lililochongwa.

Ndipo baba akanieleza jambo ambalo kila Msukuma wa rika lake analijua na hakuna hata mmoja wetu ofisini aliyelifikiria. Zamani mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, alizikwa katikati ya zizi la ng'ombe wake. Hakuwekewa jiwe. Ng'ombe walirudi kulala juu yake jioni ileile, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Kisha ikaja operesheni ya vijiji mwaka sabini na nne, watu wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa kando ya barabara. Nyumba za udongo zikayeyuka kwa mvua. Kilichobaki ni uzio wa minyaa uliozunguka zizi, kwa sababu minyaa haifi.

Yale maduara niliyajua vizuri mno. Picha za angani zilikuwa nayo mengi, na kwenye jedwali langu yalikuwa na mstari wake: uzio wa minyaa wa zamani, hauna mwenyewe, fidia sifuri. Nilikuwa nimeisifia mbuga ile mbele ya Obedi. Nilisema haina hata kaburi.

"Wapimaji wetu walipita kule siku tisa," nilijitetea. "Hakuna aliyewaambia."

"Waliuliza?"

"Hawakukuta mtu wa kumuuliza."

"Basi hamkuuliza," baba alisema, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu niliomba gari la ofisi. Danish aliendesha, baba alikaa mbele na kofia yake ya Jumapili, mimi nyuma na jedwali langu. Kutoka barabara kuu tulikata kulia, tukaenda saa nzima kwenye udongo mweusi. Baba hakuwa amefika pale tangu ujana wake, lakini alikuwa akisema "kulia", "kushoto", na Danish alikuwa akinitazama kwenye kioo kwa sababu mashine yake ya satelaiti ilikuwa inasema vilevile.

Minyaa ilikuwa imekuwa mirefu kunishinda. Pengo la lango bado lilikuwepo. Baba alivua viatu nje, akaingia, akahesabu hatua kutoka langoni, akachuchumaa. Aliweka kiganja chini. "Mwangaluka," alisema kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, kwa sauti ya mtu anayepita kwa jirani. Kisha akamwambia babu mimi ni nani. Sikujua nisimame wapi. Kwa mara ya kwanza maishani niliona aibu ya kitu nilichokifanya kwa usahihi kabisa.

Danish alibaki nje ya uzio. Alikuwa amevua viatu naye, bila kuambiwa. "Dada Selina," aliniita taratibu nilipotoka, "kutoka hapa naona mengine manne."

Tulikwenda kwenye yale manne. Kufikia saa nane mchana tulikuwa tumefika kwenye thelathini na moja, na wazee watatu wa kijiji cha jirani walikuwa wametukuta, wametoka na fimbo zao kuuliza tunatafuta nini. Kila mzee alitaja majina kwenye mazizi ya ukoo wake. Bibi mmoja, Queen anaitwa, alituonyesha baba mkwe wake, ndugu wawili na mtu ambaye alimwita tu yule mgeni wa Ukerewe. Nilikuwa naandika mpaka mkono ukafa ganzi. Kila jina lilikuwa linaingia mahali palipoandikwa sifuri.

Jumatano ya wiki ya pili tulikuwa na mazizi mia mbili na sita kwenye mkuza, ule ukanda ambamo reli ingepita, na watu waliozikwa humo walipita mia sita.

Obedi alisoma karatasi akiwa amesimama. Si mtu mbaya, ana haraka tu.

"Alama zipo?" aliuliza.

"Hakuna alama. Kuna mashahidi wawili kwa kila zizi, na kila mmoja ameonyesha peke yake bila kumsikia mwenzake."

"Nani amekuja ofisini kudai?"

"Hakuna. Hawajui kama kuna reli."

"Ijumaa ni keshokutwa, Selina." Alikaa. "Pasipo mdai, kwenye karatasi ni ardhi tupu. Ukiiacha hivyohivyo hakuna atakayekulaumu. Na nyumba ya mzee wako, tusifichane, inapona."

Nitasema ukweli: nilitamani kuiacha hivyohivyo. Nilirudi mezani kwangu nikaketi na ile safu moja kwenye kioo cha kompyuta, nikiwa na ile sifuri yangu nzuri, na nikawaza kwamba babu ameshalala pale zaidi ya nusu karne bila mimi, angeweza kuendelea. Nikawaza vigae vya sebuleni. Halafu nikakumbuka vile vyoo, kumi na viwili vya kike, kumi vya kiume, na bei niliyoweka kwa kila kimoja, na nikaifuta ile sifuri.

Danish alijaribu kuniokoa. Alivuta kiti, akaanza kuupinda mstari wa kijani. Akikwepa mazizi ya huku anaangukia ya kule. Akipinda zaidi, treni inabidi ipunguze mwendo. "Hii ni treni ya kilomita mia na sitini kwa saa," alisema, "haikati kona kama bodaboda." Alijaribu mara saba. Mara ya saba alifunga kompyuta yake, akaenda kununua chai, akaniletea na yangu.

Nikaweka namba. Kuhamisha kaburi moja si pesa nyingi. Kinachokula pesa ni muda: kila ukoo ukusanyike, ukubaliane, ufanye mila yake, na mkandarasi huku analipwa akiwa amekaa. Nilihesabu miezi kumi na nne, na hapo nilikuwa mchoyo. Jedwali likajumlisha lenyewe. Kijani ikaruka juu ya nyekundu kwa bilioni thelathini na nane. Niliangalia ile jumla mpaka tarakimu zikaanza kucheza, nikampigia Danish aje akague. Alikagua mara mbili, kisha akasema, "Pole."

Ijumaa kamati ilisaini nyekundu. Iliwachukua dakika arobaini, pamoja na chai.

Jumapili nilikwenda Kisesa bila ramani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, lakini nilipofika nikayasahau yote, nikasema tu kwamba nyumba itavunjwa. Niliogopa kumtazama baba. Nilisema kwamba ni kwa sababu ya mazizi, kwamba asingenionyesha lile duara nyumba ingebaki.

"Najua," baba alisema.

"Unajua nini?"

"Ramani yako ilikuwa na rangi tatu, na mimi si kipofu. Nyekundu nilishaiona inapita juu ya nyumba yangu kabla sijavaa miwani. Wewe si ulisema zilizobaki ni mbili?" Alisukuma bakuli la michembe ya viazi mbele yangu. "Kula."

Nililia pale mezani, mtu mzima wa miaka thelathini na nne. Baba aliniacha nilie. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja umeshika fremu. Nilidhani anahuzunikia nyumba.

Baada ya miezi miwili uthamini ulianza. Kwa sababu ya mimi kuwa binti wa mwenye nyumba, fomu ya Kisesa ilijazwa na mwenzangu Gladness, msichana makini, mwandiko kama wa kitabu. Mimi nilishika utepe wa kupimia tu. Fomu ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilikuwa inauliza: idadi ya makaburi yanayoonekana. Nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe na kuandika swali jingine, na nilijivunia swali hilo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Tulipima sebule, vyumba, jiko, kibaraza. Baba alitaja miaka ya kuta na Gladness, kwa adabu, akaiandika pembeni ingawa haikuhitajika. Mtu wa rangi alishapita asubuhi, na alama ya X ilikuwa ukutani, nyekundu, bado inachuruzika. Kisha tukakaa wote sebuleni, na Gladness akafika kwenye swali langu. Alilisoma kwa sauti.

"Je, ndani ya eneo hili kuna mtu yeyote aliyezikwa, hata kama hakuna alama?"

"Hakuna," baba alisema.

"Yupo mmoja," mama alisema.

Sote tuligeuka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono magotini. Hakumtazama baba. Alimtazama Gladness, kama mtu aliye kwenye dirisha la ofisi na zamu yake imefika.

"Nyuma ya jiko," alisema. "Chini ya mlimao."

Sauti ya baba ilikuwa ndogo. "Yule mtoto? Si walisema walimpeleka kuzikwa kwenu?"

"Ulikuwa Magu kwenye pamba. Kichanga wakati ule kilizikwa na wanawake. Tulikuwa mimi, mama yako na jirani mmoja. Hii nyumba ilikuwa ya udongo bado."

"Miaka yote hii hukuniambia ni pale."

"Hukuuliza," mama alisema.

Baba aliinamisha kichwa. Nilitaka kwenda kwake, nilitaka kwenda kwa mama, na sikwenda kokote, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ile Jumapili, hata kule nyuma ya jiko, na jinsi nilivyocheka. Mama alikuwa ameambiwa mtoto wake amepona, na wiki mbili baadaye akasimama mlangoni akasikia kwamba hajapona tena. Hakusema kitu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Ningefanya kitu."

"Ungefanya nini? Wale ni mia sita. Wangu ni mmoja." Alisema bila hasira. Alikuwa amekwishapima.

Gladness alikuwa anatazama karatasi, machozi yamemlengalenga. Mtoto wa watu, alikuwa ametumwa kupima nyumba. Akameza mate, akafuata fomu kwa sababu hakuwa na kingine cha kufuata.

"Umri wa marehemu, mama?"

"Siku tisa."

"Jina la marehemu?"

"Selina Mashimba."

Gladness aliandika S, akasita. Akaniangalia. "Mama, samahani. Nauliza jina la marehemu. Selina ni huyu hapa."

"Huyo ni wa pili," mama alisema. "Andika. Mimi nilishaitwa Mama Selina miaka miwili kabla huyu hajazaliwa."

Nje mtu alipita na baiskeli. Kalamu ya Gladness ilikuwa bado juu ya ile S, na alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kutoa ruhusa.

Nikamwambia aandike. Aliandika herufi moja moja, kwa ule mwandiko wake mzuri, na mama akanyanyuka kwenye kigoda, akatangulia kutuonyesha mahali.